Kona Iliyokaa Juu ya Mchanga

Kuna mafundi wanaojenga, na kuna mafundi wanaosimulia walivyojenga. Yared alikuwa yote mawili, na kwa miaka ishirini na kitu mjini Kilosa hakuna aliyemwambia afunge mdomo, maana kuta zake zilinyooka na milango yake ilifunga bila kusukumwa kwa goti. Alikuwa mtu wa milimani, mzaliwa wa Mamboya, kule ambako wamisionari wa zamani waliacha majengo ya mawe ambayo watoto wa leo bado wanayaegemea. Baba yake naye alikuwa fundi wa mawe, mzee mkali, na alipenda kusema kwamba nyumba ya udongo ni ya mtu ambaye hajaamua kama anakaa au anapita. Yared aliyameza maneno hayo bila kuyatafuna.

Halafu mapenzi yakamfanyia utani. Alipotelemka Kilosa kutafuta kazi alimpenda Devota, na Devota alikuwa mtoto wa Kambi ya Zamani, mtaa ambao haukuwa na jiwe hata la kumpigia mbwa. Mababu wa watu wa Kambi waliletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge. Mkonge ukafa, wenye shamba wakaondoka, wao wakabaki hapo bondeni, kati ya mto Mkondoa na tuta la reli, wakilima mpunga kwenye udongo mweusi ambao mto unauleta bila kuombwa. Lakini mto huo huo, kila baada ya miaka michache, huja kuutembelea udongo wake.

Watu wa Kambi walikuwa na namna yao ya kuishi naye mgeni huyo. Nyumba zao zilikuwa za miti na fito, zimekandikwa udongo, zile ambazo watu wa mjini huziita mbavu za mbwa. Mto ukianza kunguruma, baba anang'oa mlango, mama anafunga vyombo kwenye shuka, wote wanapanda juu ya tuta na kukaa kuangalia. Maji yanaingia, yanaula udongo, yanapita katikati ya fito na kwenda zake. Yakishuka, miti imesimama na paa lipo juu yake. Baada ya wiki mbili wanawake wanakanyaga udongo, wanakandika upya, mlango unarudishwa mahali pake, na mtoto aliyekuwa anadaiwa kazi ya shule anatafuta kisingizio kingine.

Yared aliutazama utaratibu huo akauita uvivu. Ukweni hakusema kwa sauti, kwa kuwa alikuwa na adabu zake. Mama mkwe wake, Bi Costancia, alikuwa mjane, mnene, mcheshi, mwenye rozari shingoni na neno kali mdomoni. Kati yao palikuwa na ile heshima ambayo kwao haina mchezo: mkwe hamshiki mama mkwe hata mkono, haingii chumbani kwake, hamtazami usoni anapozungumza naye, na mama mkwe naye hamwiti kwa jina lake. Alimwita baba Lea, kwa jina la mjukuu wake mkubwa. Kwa miaka ishirini na miwili mipaka hiyo haikuwahi kuvukwa hata kwa bahati mbaya.

Bi Costancia alikuwa ameshaukimbia mto mara nne. Mara ya nne aliteleza akipanda tuta, mlango wa nyumba yake ukiwa kichwani, akavunjika mkono. Jumapili iliyofuata, mbele ya ukoo wote, Yared alisimama akakohoa kama mheshimiwa.

"Mama, nitakujengea nyumba ambayo hutaihama tena."

Watu walipiga vigelegele. Bi Costancia alijifunika uso kwa khanga akalia, na Yared akajisikia mrefu kuliko mti wa umeme. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Alichimba msingi mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa kavu na mto ukiwa kijito cha kuvuka bila kuvua viatu. Kona tatu alikuta udongo mgumu wa mfinyanzi, wa kukwaruza kwa sululu. Kona ya nne, ile ya upande wa mto, alikuta mchanga. Mchanga safi, mweupe, laini, unaomwagika wenyewe na kulijaza shimo kila alipochota. Alikuwa amesimama ndani ya shimo hilo, koleo mkononi, alipopita mzee Bonifas. Huyu Bonifas alikuwa mkandikaji. Nusu ya nyumba za Kambi zilisimama juu ya miti aliyoichimbia yeye. Aliinama akachungulia.

"Fundi, hapo mto ulishalala."

"Mto haulali, mzee."

"Unalala. Na pale ulipolala huwa unapakumbuka. Isogeze nyumba kuelekea kwenye tuta, hatua kumi na tano tu."

Kuisogeza maana yake ilikuwa kufukia mitaro mitatu iliyokwisha kuchimbwa, na kukiri mbele ya vijana wake wa kazi kwamba mkandika matope amemfundisha fundi wa bloku. Yared alimshukuru mzee kwa heshima zote, akasubiri aondoke, kisha akamwaga zege nene juu ya ule mchanga na kuufunika. Hakumwambia mtu. Devota hakumwambia. Tuseme wazi: kosa lilikuwa hilo moja, na yote yaliyofuata ni watoto wake.

Nyumba ilipokamilika ilipendeza, asiyeisifu ni mchawi. Bloku za inchi sita, mlango mkubwa wa chuma unaofunguka kwa nje, nondo nene madirishani ili mwizi ajute. Upande wa mto aliweka ukuta mzima usio na dirisha wala tundu. "Mto nimeupa mgongo," alikuwa akiwaambia wateja anaowaleta kuiona, na wateja walikuja wengi. Miaka mitatu ilipita na mvua za wastani. Jina la Yared likavuka Kilosa likafika Mikumi.

Huko Mikumi ndiko alikokuwa siku yenyewe, Alhamisi moja ya mwezi wa Aprili, akijenga vibanda vya watalii karibu na barabara kuu. Ramani ilichorwa na msanifu majengo kijana kutoka Dar es Salaam, dada mmoja mpole anayeitwa Loveth, na ilimkera Yared tangu siku ya kwanza. Chini jukwaa la mawe, nguzo za mawe kwenye kona, basi. Kuta za matete, paa la nyasi.

"Dada Loveth," alimwambia asubuhi hiyo, "mimi nimepigana na nyasi maisha yangu yote. Leo watu wanapanda ndege kuja kulala ndani yake?"

"Jiwe ni la kubaki, fundi. Matete ni ya kuondoka, tutayabadilisha kila baada ya miaka michache. Nataka mgeni akiingia tu aone mwenyewe kipi ni kipi."

"Na jina langu nitaliacha wapi, kwenye matete?"

Loveth alicheka. "Liache kwenye jiwe. Ila nyasi usizipake saruji ukamwambia mtu ni jiwe. Hapo ndipo watu wanapoumia."

Yared alicheka pia, lakini kicheko kiliishia njiani, na alikuwa bado anajiuliza kwa nini wakati simu ilipolia. Ilikuwa saa nne na nusu. Alikuwa mzee Bonifas, mtu ambaye hajawahi kumpigia.

"Fundi, Mkondoa umepanda. Huku jua linawaka, lakini juu kumenyesha siku mbili mfululizo. Maji yameshavuka mpunga."

"Mama yuko wapi?"

"Sisi wote tuko kwenye tuta. Mama yako amejifungia ndani. Anasema nyumba yake haihamwi."

"Mtoeni!"

"Tumtoeje? Mlango wa chuma, madirisha ya nondo. Njoo wewe mwenye maneno yako."

Devota hakuwepo Kilosa. Alikuwa Berega tangu Jumatatu, kwenye hospitali ya misheni, akimsubiria Lea ajifungue mtoto wa kwanza. Kaka zake Devota walikuwa Dar. Yared hakuaga, aliufunga mfuko wa vifaa nyuma ya pikipiki yake akaondoka na vumbi la saruji bado liko usoni.

Toka Mikumi mpaka Kilosa si mbali kwa mtu mwenye raha. Siku hiyo barabara ilikataa kuisha. Jua liliwaka, anga ilikuwa bluu tupu, watu walikuwa shambani wakipalilia, na ndani ya kichwa cha Yared kulikuwa na kitu kimoja tu: mchanga mweupe ukimwagika, ukilijaza shimo. Maeneo ya Zombo alikuta korongo limejaa na watu wamesimama pande zote mbili wakisubiri lipungue. Walimwambia subiri, hata nusu saa. Alizima pikipiki, akaisukuma mpaka maji yakafika kwenye tangi, mwanamume mmoja asiyemfahamu akamshikia kwa nyuma huku akimtukana, wakatokea ng'ambo. Aliomba, yeye ambaye kanisani huwa anasinzia. Aliomba ukuta usimame. Kisha akaona aibu, kwa maana fundi hapaswi kuuombea ukuta wake.

Alifika saa saba kasoro. Watu wa Kambi walikuwa wamejipanga juu ya tuta la reli na milango yao imeegemezwa kwenye kokoto, magodoro, kuku miguu imefungwa, sufuria. Chini yao bonde lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Nyumba za udongo zilishaanza kuyeyuka na fito zilionekana. Katikati ilisimama nyumba ya Bi Costancia, nyeupe, kamili, na maji yalikuwa yamesimama nyuma yake, upande wa mto, juu kuliko yalivyokuwa mbele. Macho ya mtu mwingine yangeona nyumba imara. Yared aliona ukuta unaobeba mzigo ambao hakuupimia.

Mzee Bonifas alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni, ncha nyingine wameishika vijana juu ya tuta. Hakumsalimia kwa maneno mengi. Waliingia majini pamoja. Yaliwafika chini ya goti, yana nguvu, yana takataka. Walipofika chini ya dirisha la chumbani Yared alisimama ubavu, uso ameugeuzia pembeni, kama desturi inavyotaka. Hata hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba Lea." Sauti ya Bi Costancia ilitoka ndani imetulia. "Umetoka Mikumi? Umekula?"

"Mama, naomba ufungue mlango tutoke."

"Twende wapi?"

"Kwenye tuta, na wenzako."

"Wenzangu wana nyumba za udongo. Wewe si uliniambia hii haihamwi?"

"Maji ni mengi mwaka huu, mama."

"Nauliza, nyumba ina kasoro?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia, pana na nyeupe. Neno moja tu. Lakini mzee Bonifas alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, na Yared alihisi macho ya mzee hata bila kuyatazama, na juu ya tuta ulikuwa umejipanga mtaa mzima uliopiga vigelegele siku ile.

"Haina kasoro, mama," alisema. "Ni tahadhari tu."

"Kama haina kasoro, mimi nakaa. Nina miaka sabini na mbili, baba Lea. Nimebeba mlango kichwani mara nne. Sibebi tena."

Mzee Bonifas alivuta pumzi, akatema mate majini. Huenda alikuwa na haki ya kusema. Lakini mtu anapoamua kujifungia ndani ya uongo, anayemgongea kwa nje hupoteza nguvu zake bure.

Yared alibembeleza. Alisema kitukuu anakuja. Alisema watamdhania vibaya Devota. Akampigia Devota, akaipitisha simu kati ya nondo, akasikia mke wake akilia huko Berega, "Mama, toka, nakuomba, mama!" na mama akijibu bila papara, "Mwulize mumeo kama nyumba ina kasoro. Yeye ndiye anayejua." Simu ikarudi. Maji yalikuwa yameshapita magoti.

"Baba Lea," Devota aliuliza, na sauti yake ilibadilika, "nyumba ya mama ina kasoro?"

Hakujibu. Ndipo nyumba yenyewe ikajibu. Kwenye kona ya upande wa mto palitoka mlio mfupi, mkavu, kama ukuni unaopasuliwa, na ufa ukapanda ukutani kutoka kwenye maji mpaka chini ya bati, mwembamba, unatambaa bloku kwa bloku. Yared alikuwa ameona nyufa maelfu maishani mwake. Huu aliuogopa kama mtoto.

"Ina kasoro!" alipiga kelele. "Mama, ina kasoro! Kona ya mtoni imekaa juu ya mchanga. Nilijua tangu siku ya kuchimba msingi. Mzee Bonifas aliniambia nikamdharau. Nilifunika, nikanyamaza. Nilikudanganya, mama, nimewadanganya wote!"

Alipiga kelele kiasi kwamba walio juu ya tuta walisikia. Ndani kitanda kililia, miguu mizito ikatua kwenye maji.

"Ungesema ulipofika," alisema Bi Costancia, "ningekuwa nimeshatoka."

Walimsikia akivuta komeo la mlango mkubwa. Wakamsikia akisukuma. Walizunguka wakakuta maji na tope vimejikusanya mbele ya ule mlango wa chuma unaofunguka kwa nje, mlango ambao mwizi asingeuweza, na sasa mwenye nyumba naye hauwezi. Walivuta wawili kwa nje, akasukuma mmoja kwa ndani. Ulisogea upana wa kidole, ukagoma. Dakika zile alizozitumia Yared kulinda jina lake ndizo zilizoufunga.

"Pabovu pengine ni wapi?" mzee Bonifas alimuuliza, akimshika shati. "Umeijenga wewe. Sema!"

Hakuna ajuaye udhaifu wa nyumba kama aliyeijenga. Yared alijua. Chini ya dirisha la chumbani, safu tatu, alizozijenga Jumamosi ya mwisho saruji ikiwa inaishia na yeye anaharakia nyumbani. Mchanganyiko wake ulikuwa na saruji kidogo. Alikimbilia kwenye pikipiki? Hapana, mfuko wa vifaa ulikuwa begani tangu aingie majini. Hakujua hata lini aliuvaa. Akatoa nyundo na tindo.

"Mama, kaa mbali na dirisha!"

Alipiga. Kila pigo lilimrudia begani na kila pigo lilimuuma mahali pengine pia, kwa sababu plasta ile aliisugua yeye mwenyewe mpaka ikang'aa. Bloku ya kwanza ilipasuka, ya pili ikaangukia ndani, ya tatu mzee Bonifas aliing'oa kwa mikono huku kucha zikitoka damu. Maji yaliingia kwa pupa kupitia tundu. Bi Costancia alitoa kichwa, akatoa bega moja, akakwama. Hakuwa mwanamke wa kupita kwenye tundu la bloku tatu.

Yared alisimama mikono imenyooka hewani, haijui iende wapi. Miaka ishirini na miwili.

"Mama... nita..."

"Nishike, Yared!"

Alimwita kwa jina lake. Yared akamshika, chini ya makwapa, akamvuta kwa nguvu zote alizowahi kuwa nazo, na mzee Bonifas akabomoa bloku nyingine, na Bi Costancia akatoka akiwa amechubuka ubavu mzima, hana kilemba, akaanguka majini juu yao. Maji yalikuwa kiunoni. Yared aliinama, akampakia mgongoni kama gunia la mpunga, mikono yake mizito ikamzunguka shingo, akaishika kamba ya mzee, na vijana juu ya tuta wakaanza kuvuta kamba.

Walikuwa katikati ya njia ukuta wa upande wa mto ulipoanguka. Haukuvunjika vipande vipande. Ulilala mzima kuelekea ndani, kishindo chake kikasikika kifuani zaidi ya masikioni, na paa likainama upande mmoja. Kitanda cha Bi Costancia kilikuwa kimesukumwa kwenye ukuta huo. Yared hakugeuka nyuma, lakini alihisi mikono shingoni kwake ikikaza.

Juu ya tuta wanaume waligeuza nyuso zao, kama inavyopasa mtu anapomwona mkwe amembeba mama mkwe. Mwanamke mmoja mzee hakujizuia. "Jamani! Mkwe kambeba mama yake!"

"Ndiyo kanibeba," alijibu Bi Costancia, anatetemeka, anatafuta khanga ya kujifunika. "Wewe ulitaka abebe mlango?"

Walicheka, wengine huku wanalia. Yared hakucheka. Aliketi kwenye kokoto mbali na watu, ameinamisha kichwa, akangoja mtu amtukane ili apumue. Hakuna aliyemtukana. Mzee Bonifas alikuja akaketi karibu naye, akafunga vidole vyake kwa kipande cha kitambaa, akamwomba kiberiti. Lea alijifungua salama alfajiri ya kesho yake, mtoto wa kike.

Wateja wawili walimwacha mwezi huo. Si kwamba walisikia uvumi. Aliwaambia mwenyewe, walipomuuliza ile nyumba nyeupe ya bondeni imekuwaje. Mmoja wao alimwambia fundi hodari huficha makosa yake, na Yared akamjibu kwamba ndivyo alivyofanya.

Maji yalipokauka alikwenda na Devota kumwomba mama ahamie Mamboya, kwenye nyumba ya mawe ya wazee wake, mbali na mto wowote. Bi Costancia alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mpunga wangu nikaulime kwenye mawe?"

Basi Yared alianza upya. Safari hii hakuanza kwa kujisifu, alianza kwa kumwendea mzee Bonifas na kumwomba amwonyeshe mahali ambapo mto haujawahi kulala. Mzee alitembea hatua kumi na tano kuelekea kwenye tuta, akachimba, akanusa udongo, akasema hapa. Yared alipanga jukwaa la mawe kufika magotini. Juu yake akasimamisha nguzo za zege zenye kubeba paa, na kuta tatu akazijenga kwa bloku, zenye mapengo makubwa ya kupitisha maji chini. Mlango aliuweka wa mbao, mwepesi, unaofunguka kwa ndani. Upande wa mto, kati ya nguzo na nguzo, hakuweka kitu. Hapo mzee Bonifas alichimbia miti yake, akafunga fito, na Yared wa Mamboya, mwana wa fundi wa mawe, akakunja suruali akaingia kwenye shimo kukanyaga udongo. Watoto wa shule walisimama njiani kumtazama. Watu wa mjini walimtania kwamba amepandishwa cheo. Alikanyaga tu.

Siku ya kukandika Bi Costancia alikuja na kigoda akaketi nyuma ya mkwe wake, kwa umbali wa heshima, ubavu wake ungali unauma. Desturi ilikuwa imerudi mahali pake. Alikuwa baba Lea tena, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Yared alikandika bila ustadi, konzi kwa konzi, na mzee Bonifas akapita nyuma yake akisawazisha bila kusema neno. Ilipofika jioni ukuta ulikuwa umefika juu, umelowa, mweusi, alama za vidole zimejaa.

"Baba Lea," Bi Costancia aliita.

"Naam, mama."

"Huu utadumu?"

Devota alikuwa akiosha ndoo, mkono wake ukasimama. Yared aliutazama ukuta. Tope lilikuwa linamkauka mikononi na kumvuta ngozi.

"Hautadumu, mama. Mto ukija utaondoka nao. Nguzo zitabaki, na paa litabaki. Ukuta tutaukandika tena."

Bi Costancia aliyapima maneno hayo, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mboga.

"Unajua," alisema, "kwenye ile nyumba yako nyeupe sikuwahi kulala wakati wa masika. Bloku ni bubu. Ukuta wa udongo ukianza kulowa unanuka, na mimi harufu hiyo huniamsha hata niwe nimelala vipi. Kule nilikuwa nakesha nimetega sikio, sisikii kitu, najiambia mkwe wangu amesema. Miaka mitatu nimekesha."

Yared alibaki amesimama, mikono imening'inia, machozi yanamshuka na hawezi kuyafuta kwa tope.

Bi Costancia aliinuka kwenye kigoda kwa taabu, akasogea, akauweka mkono wake kwenye ukuta mbichi, karibu na alama za vidole vya mkwe wake.

"Devota," alisema, "kitanda changu mkiweke hapa."